Meya Hana Ufunguo wa Bandari

Mgeni njoo, mwenyeji apone. Sisi watu wa pwani tumelelewa na msemo huu, na sidhani yupo mtoto aliyekulia Mombasa asiyeujua. Lakini wahenga waliotuachia maneno hayo hawakututajia ni nani hasa huyo mwenyeji. Je, ni mwenye nyumba? Ni mji? Ama ni serikali iliyo mbali, yenye mihuri na sheria zake? Swali hili lilinijia nikiwa kijana wa miaka ishirini na moja, na hata leo, mvi zikiwa zimekwisha kunijaa kidevuni, sijaacha kulirudia.

Wasomaji wa makamo watakumbuka mwaka 1991. Mwezi wa Januari mwaka huo serikali ya Somalia ilianguka, na haikupita muda mrefu majahazi na mashua yakaanza kushuka kutoka kaskazini, yakitoka Mogadishu, Marka, Barawa na Kismayu. Watu walikuwa wamesongamana ndani kama tende kandani. Miongoni mwao walikuwamo Wabarawa, na hao ndio waliotushangaza zaidi, kwani walipofungua vinywa walisema Kiswahili. Kilikuwa Kiswahili chao, Chimwini, ambacho penye “ki” yetu wao hutia “chi”, lakini ukikaa nao siku tatu unawaelewa. Wengine walituuliza habari za masharifu na mashekhe wa Lamu na Unguja ambao sisi wenyewe tulikuwa tumekwisha kuwasahau.

Marehemu mama yangu alimchukua mama mmoja wa Kibarawa na binti zake wawili, akawapa chumba cha uani. Mkubwa wa watoto hao alikuwa na umri wa miaka saba hivi. Wiki ya pili akawashika mikono akawapeleka chuoni, kwa mwalimu yule yule aliyenifundisha mimi alifu kwa kijiti. Mwalimu hakuuliza karatasi wala kipande. Alifungua daftari lake, akauliza jina la mtoto na la baba yake na la babu yake, akaandika, akawaonyesha mkeka wa kukalia.

Basi, baada ya miezi kadhaa ikatoka amri kwamba wakimbizi hawana ruhusa ya kukaa majumbani mwa watu, wahamie kambini. Kambi zilikuwako Utange na Benadir hapa Mombasa, na Marafa kule upande wa Malindi. Nikafunga safari kwenda kwa diwani wetu, mtu mzima niliyemheshimu, nikamwomba awaambie wakubwa wake kwamba nyumba yetu ina nafasi na wageni hawamsumbui mtu. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniambia, “Mwanangu, mimi ni diwani wa taa na mitaro. Wageni ni wa serikali.”

Sikumkasirikia, maana alisema kweli. Lakini usiku ule niliandika ubeti ambao sikupata kuupeleka kwa mhariri yeyote:

Mgeni yu mlangoni, mvua yamshukia,
Nami nimo mle ndani, sauti naisikia,
Ufunguo mfukoni, bwana mwenyewe katia,
Nimwambie neno gani, aondoke karidhia?

Wageni wetu walikwenda Utange. Kufikia mwisho wa miaka ya 90 kambi zote hizo za pwani zilikuwa zimefungwa. Wengine walipelekwa Kakuma na Dadaab, wengine wakarudi kwao, na Wabarawa wengi wakachukuliwa Marekani. Mama yule na binti zake walikuwa katika hao wa mwisho.

Nimeyaeleza haya kwa urefu ili msomaji asistaajabu kwa nini mzee wa Mombasa amejitia, kwa zaidi ya miaka kumi sasa, kufuatilia mambo ya miji ya Ulaya ya kusini. Ni kwamba huko nimewaona mameya waliokataa kuwa mameya wa taa na mitaro tu. Tena hawakukataa kila mmoja peke yake. Walishikana mikono mji kwa mji, juu ya vichwa vya serikali zao, wakaandikiana mikataba kana kwamba wao wenyewe ni mataifa. Nimetaka kujua wamefika wapi.

Nianze na Palermo, mji mkuu wa kisiwa cha Sicily. Mji huu si mgeni kwetu kama tunavyofikiri. Waarabu waliutawala kwa zaidi ya miaka mia mbili, na hata baada ya utawala wao kwisha, mfalme Mnormani Roger wa Pili alimweka barazani kwake mwanachuoni Al-Idrisi amchoree ramani ya dunia. Kitabu kilichoandamana na ramani hiyo kilikamilika mwaka 1154, na ndani yake imo pwani yetu, Malindi na Mombasa zikitajwa. Kwa hiyo kabla babu zetu hawajasikia habari za Palermo, Palermo ilikuwa imekwisha kutuandika sisi. Daftari ni jambo kubwa, msomaji; tutalirudia.

Meya aliyeupa Palermo sifa katika zama zetu ni Bw. Leoluca Orlando, mwanasheria aliyejulikana kwanza kwa kupigana na Mafia. Mwaka 2013 mji wake uliunda Baraza la Tamaduni lenye wajumbe 21, likichaguliwa na wageni waliohamia mjini humo, kwa kuwa watu hao hawakuwa na kura ya kumchagua meya. Machi 2015 akatangaza Mkataba wa Palermo. Mkataba huo ulidai jambo ambalo serikali nyingi ziliona ni kichaa: kwamba mtu kuhama ni haki yake ya ubinadamu, na kwamba kibali cha ukaaji kifutwe kabisa. Mimi mwenyewe nilipousoma nilitabasamu, nikasema huyu bwana ni mshairi mwenzangu. Lakini hakuishia kwenye maneno, kama tutakavyoona.

Kusini ya Palermo, karibu na Tunisia kuliko ilivyo karibu na Sicily yenyewe, kipo kisiwa cha Lampedusa. Ni kisiwa cha kilomita za mraba 20 hivi, cha wavuvi na watalii, nacho ndicho nchi kavu ya kwanza kwa wengi wanaovuka kutoka Libya na Tunisia. Mwaka 2012 wakazi wake walimchagua Bi. Giusi Nicolini kuwa meya, na Novemba mwaka huo huo aliwaandikia wakubwa wa Ulaya barua iliyotangazwa kote, akiwauliza makaburi ya kisiwa chake yanatakiwa yawe na ukubwa gani. Halikuwa fumbo. Meya ndiye mwenye kuzika. Serikali kuu ina manowari na mipaka, lakini maiti akiletwa na bahari ufukweni, sanda, jeneza na shimo ni shughuli ya mji. Tarehe 3 Oktoba 2013 chombo kilizama karibu na kisiwa hicho, wakafa watu zaidi ya 360, wengi wao Waeritrea.

Mwaka 2015 ndipo Ulaya nzima ilipotikisika. Watu zaidi ya 800,000 walivuka kutoka Uturuki kwenda Ugiriki, na sehemu kubwa yao walitua kisiwani Lesbos. Septemba mwaka huo Barcelona, chini ya meya wake Bi. Ada Colau, ilijitangaza kuwa Mji wa Hifadhi. Machi 2016 ikatia sahihi mikataba na Lesbos na Lampedusa: Barcelona ingepeleka ujuzi na msaada, na visiwa vile viwili vingeifundisha yaliyowafika. Hapo hapo Barcelona ikakubaliana na meya wa Athens, Bw. Giorgos Kaminis, jambo dogo lenye maana kubwa. Wakimbizi 100 waliokwama Athens wachukuliwe na Barcelona. Athens yasema chukueni, Barcelona yasema leteni. Nyumba ziko, walimu wako, fedha ziko.

Serikali ya Hispania ikakataa. Watu mia moja, katika mji wa watu zaidi ya milioni moja na nusu! Sababu haikuwa upungufu wa nafasi. Sababu ilikuwa ni kwamba kuingiza mtu nchini ni kazi ya dola, na meya hana mamlaka hayo. Niliposoma habari hiyo nilimwona diwani wetu mbele yangu, na fimbo yake.

Jambo hilo likajirudia Juni 2018, mara hii baharini. Meli ya uokozi Aquarius ilikuwa imebeba watu 629, na waziri mpya wa mambo ya ndani wa Italia, Bw. Matteo Salvini, akaifungia bandari. Mameya wa Palermo na Napoli wakatangaza hadharani kwamba miji yao iko tayari kuwapokea. Lakini nahodha hawezi kutia gati kwa tangazo la meya. Anayeruhusu chombo kuingia bandarini ni serikali kuu, na watu wa forodha na walinzi wa pwani ni watumishi wake. Meli ikazunguka baharini siku kadhaa mpaka ilipopokelewa Valencia, tarehe 17 Juni. Valencia nayo ilikuwa imejitolea, ni kweli. Lakini mlango ulifunguka kwa sababu Hispania ilikuwa imepata waziri mkuu mpya, Bw. Pedro Sánchez, siku chache tu kabla. Meya wa Valencia na meya wa Palermo walisema neno lile lile. Tofauti ilikuwa ni nani aliyeshika ufunguo nyuma yao.

Basi mtu atauliza, ikiwa ni hivyo, mikataba yote hii ni ya nini? Hata mimi kuna wakati nilikaribia kuikatia tamaa, nikaiona kama mashairi ya majibizano: beti tamu, ukumbi unapiga makofi, kisha kila mtu anakwenda kwake. Lililonigeuza mawazo ni ugomvi juu ya daftari.

Mwishoni mwa 2018 Italia ilipitisha sheria iliyosema kwamba mtu aliyeomba hifadhi asiandikishwe katika daftari la wakazi la mji. Jambo hili laonekana dogo, la makarani. Lakini Italia asiyemo daftarini ni kama hayupo. Kitambulisho cha mkazi, daktari wa mtaa, kazi ya halali, akaunti ya benki, mambo haya hushikamana na daftari lile. Na tofauti na bandari, daftari liko ofisini kwa meya. Kalamu imo mkononi mwa karani wake. Mwanzoni mwa Januari 2019 Bw. Orlando akatangaza kwamba amewaagiza maofisa wake wasiitekeleze sehemu hiyo. Mameya wa Napoli na Florence wakasimama pamoja naye. Waziri akafoka kwamba mameya hao watajibu mbele ya sheria. Kesi zikafika mahakamani, na Julai 2020 Mahakama ya Katiba ya Italia ikaibatilisha marufuku hiyo. Ilisema, kwa ufupi, kwamba sheria inayodai kulinda usalama huku ikiwafanya watu wasijulikane wanakaa wapi inajipinga yenyewe. Tena inawabagua watu bila sababu.

Hapa nilipata jibu ambalo diwani wetu hakunipa. Meya hana ufunguo wa bandari, lakini anayo kalamu ya daftari. Na miji inaposhirikiana, faida yake kubwa ni kufundishana matumizi ya kalamu hiyo. Hispania, kwa mfano, mtu hata akiwa hana kibali huandikishwa kuwa mkazi wa mji anamokaa, na Barcelona iliishikilia desturi hiyo kwa nguvu, ikitafuta njia ya kumwandika hata asiye na anwani. Tangu 2015 upo pia mpango wa miji ya Bahari ya Kati ambao umewakutanisha maofisa wa Tunis, Tangier, Beirut, Amman, Lisbon, Madrid, Turin, Lyon na Vienna. Mikutano hiyo haitangazwi sana. Huzungumza habari za shule, nyumba za kupanga na lugha ya kuzungumza na mgeni kaunta. Mambo makavu, lakini ndiyo yanayomkuta mtu baada ya kushuka chomboni.

Desemba 2018, serikali za dunia zilipokutana Marrakech kupitisha makubaliano juu ya uhamiaji, mameya nao walikutana huko huko wakatoa tamko lao, na likazaliwa Baraza la Mameya kuhusu Uhamiaji. Jirani yetu Bw. Erias Lukwago, Meya wa Kampala wakati huo, aliingia katika uongozi wake, na alikuwa na la kusema, kwa maana Uganda humruhusu mkimbizi kukaa mjini akijitegemea. Pita Kisenyi utadhani uko Mogadishu, na Kiswahili cha Kongo utakisikia mjini humo kila siku. Baraza hilo tangu 2021 hutoa fedha moja kwa moja mikononi mwa halmashauri za miji, bila kupitia hazina ya serikali. Freetown ilikuwa katika miji mitano ya kwanza kupata, na ikazitia katika ajira za ukusanyaji wa taka kwa wahamiaji wa mitaa ya mabanda. Taka na mitaro! Laiti diwani wetu angalikuwa hai nimweleze kwamba mgeni na mtaro si mambo mawili.

Sitaki msomaji adhani nasimulia hadithi ya mashujaa. Wenyeji nao huchoka. Lesbos, ambayo mwaka 2015 wavuvi na vikongwe wake walisifiwa dunia nzima, Februari 2020 ilikuwa ikipigana na polisi wake yenyewe katika kupinga kambi mpya. Kambi ya Moria, iliyojengwa kwa watu wapatao 3,000, ilikuwa imejaza watu karibu 20,000. Bi. Nicolini, aliyepewa tuzo ya amani ya UNESCO mwaka 2017, mwaka huo huo alishindwa uchaguzi na watu wake mwenyewe. Meya wa Lesbos aliyetia sahihi na Barcelona alishindwa 2019. Bw. Orlando aliondoka 2022, Bi. Colau 2023. Mkataba uliotegemea urafiki wa watu wanne, je, uko wapi watu hao wakishakwenda? Hilo ndilo doa ninaloliona, na wenye kuisifu miji hulipitia haraka mno.

Wajerumani, kwa tabia yao, walijaribu kulitia jambo hili katika sheria. Juni 2019, mjini Berlin, ulianzishwa muungano wa miji iliyojiita Bandari za Salama, na miji na vijiji vilivyojitangaza hivyo vikapita 300. Mingi yao, ajabu, haina hata bahari. Moria ilipoteketea Septemba 2020 na watu zaidi ya 12,000 wakalala barabarani, miji hiyo ilisema tuleteeni. Berlin, ambao ni mji na pia ni jimbo, ulikuwa umekwisha kuandaa mpango wa kuchukua watu 300 kutoka kambi za Ugiriki. Waziri wa mambo ya ndani akakataa, Berlin ukaenda mahakamani, na Machi 2022 mahakama ya juu ya utawala ikatoa hukumu: serikali kuu ilikuwa na haki ya kukataa. Kati ya hukumu hizo mbili, ya Roma 2020 na ya Ujerumani 2022, mimi naona mpaka umechorwa waziwazi. Ukigusa daftari, mji waweza kushinda. Ukigusa mlango, utashindwa. Miji 33 iliyokutana Palermo Juni 2021 kuunda muungano wa bandari za salama wa Ulaya nzima iliujua mpaka huo, na ndiyo maana ilidai fedha ziende kwa miji yenyewe, na mji unaotaka kupokea uruhusiwe.

Na kwetu? Sheria yetu ya Wakimbizi ya 2021 bado humtaka mkimbizi akae mahali palipotengwa. Lakini Kakuma imepewa hadhi ya manispaa, na Machi 2025 serikali ilizindua Mpango wa Shirika, unaokusudia Kakuma na Dadaab ziwe makazi ya mwenyeji na mgeni pamoja badala ya kambi. Manispaa ina bodi, na bodi ina daftari. Ningependa kujua mtoto aliyezaliwa Kakuma miaka thelathini iliyopita ataandikwa humo kwa jina gani: mkimbizi, au mkazi. Mpaka hapo sijapata wa kunijibu.

Mwezi uliopita simu yangu ililia usiku. Sauti ya mwanamke, Kiswahili chenye “chi” ndani yake. Alikuwa yule mtoto wa miaka saba, sasa mama wa watoto wanne, mkazi wa Columbus katika jimbo la Ohio. Mama yake amefariki, karatasi za Utange zilipotea zamani katika kuhamahama. Akaniuliza, “Mjomba, hivi kuna mahali popote palipoandikwa kwamba sisi tuliishi Mombasa?”

Asubuhi nilikwenda chuoni. Mwalimu alikwisha kutangulia mbele ya haki, lakini mwanawe anafundisha pale pale. Aliingia ndani akatoka na mafungu ya madaftari yaliyofungwa kamba, tukaketi mkekani tukayafungua moja moja mpaka tukalipata la mwaka 1412 wa Hijria. Majina yao yamo, kwa hati ya Kiarabu, wino umepauka, baina ya mtoto wa jirani yetu na mtoto wa muuza kahawa. Nikaupiga picha ukurasa mzima nikamtumia.

Hakuniandikia jibu. Alipiga simu, akawa anayasoma majina ya ukurasa ule kwa sauti, taratibu, mmoja baada ya mwingine, na kwa kila jina akiniuliza, “Na huyu yuko wapi sasa?”